Joho la Mstahiki

Lilikuja Jumatano, ndani ya mfuko wa salfa.
Mlinzi wa manispaa alilitua mezani kama mgonjwa:
"Fundi Somoe, kwapa limeachia. Hotuba ni Ijumaa."
Nikauliza malipo. Akacheka kwa pua.
"Andika," akasema. "Hata mimi nimeandikwa."

Joho la damu ya mzee, limepauka mabegani,
kola imelainika kwa shingo za mameya wanne.
Nililigeuza, nikakutana ndani na waliotangulia:
mshono wa mbio wa marehemu Fundi Chipila,
uzi wa kijani wa mwaka ule uzi mwekundu haukuwapo sokoni,
pini moja yenye kutu, iliyosahauliwa au iliyoachwa makusudi.
Lindi nzima imo mle, upande usioonyeshwa wageni.

Kitambaa cha rangi ile sikuwa nacho.
Nilikuwa na sketi ya shule ya binti wa Esha Nambunga,
imening'inia msumarini tangu Januari,
imekwisha, imepigwa pasi, inangoja elfu nne ya mama yake.
Rangi ileile. Nikaitazama sketi. Sketi ikanitazama.
Usiku, kwa taa ya simu, nikakata inchi mbili za pindo.
Sijui kwa nini ninawaambia.

Ijumaa nilikwenda, nikasimama nyuma, mlangoni.
Siwa ikapita mbele, madiwani wakainuka,
tarumbeta tatu za skauti, moja ndiyo yenye pumzi.
Soda mwaka huu hazikuwapo. Tulipewa maji,
na mzee mmoja wa Mikumbi aliyatia mfukoni ayapeleke nyumbani.

Mstahiki Nnunduma akasoma.
Ufuta umeshuka bei. Ushuru wa stendi haukufikia lengo.
Mitaro ya Ndoro itasubiri mwaka mwingine wa fedha.
"Ndugu wananchi, tujifunge mkanda,"
na ukumbi ukanyamaza kimya cha watu
waliokwisha kutoboa tundu jipya kwa msumari.
Mimi nilikuwa natazama kwapa.

Ndipo umeme ukakatika.
Feni zikazunguka kidogo kwa mazoea, zikaacha.
Karatasi akaisogeza dirishani, haikusomeka. Akavua miwani.
"Hapa wameniandikia changamoto," akasema bila kipaza sauti.
"Kwetu Mitwero tungesema njaa."
Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja alisema, "Ee."
Akabaki vile, mikono imelegea ndani ya joho,
mtu mfupi kuliko joho lilivyompima.

Umeme ukarudi. Akavaa miwani.
Ukurasa wa kumi na moja: elimu.
Akainua mkono juu kuwasifu wazazi,
na kiraka kikafunguka mbele ya macho yetu sote,
kina mkunjo wa pasi wa sketi, umenyooka,
kina matundu madogo ya pindo nililolifumua.
Mshono ulishika. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Jumamosi Esha akaja na elfu mbili na mia tano,
noti zimekunjwa kama hirizi.
Alifungua sketi, akaipima kwa viganja, akapima tena.
"Mbona imepungua?"
Nilikuwa na majibu. Kwamba mtoto amerefuka.
Kwamba kitambaa kimerudi.
"Manispaa," nikasema.
Aliinua macho, kidogo tu,
kama mtu aliyetajiwa ugonjwa anaoujua.
Nikamrudishia hela zake. Hakuuliza tena.
Akachuchumaa kwenye kikapu changu cha vipande,
akaanza kututafutia
rangi yoyote ya kuongezea pindo.